Ncha ya Mkate wa Jumamosi

Bunia, Mudzipela
9 Septemba 2023

Kwa mwanangu Christella,

Nakusalimu, na ukimaliza kusoma salamu hizi uzisome tena, maana nimeziandika kwa mkono unaouma. Sisi huku tuko wazima. Mvua zimeanza mapema mwaka huu na njia ya mbele ya nyumba imekuwa bwawa la bata wa jirani yangu Solange. Kaka yako Fabien amepata pikipiki nyingine na ameanza kuota tumbo. Nikimwambia anasema ni upepo. Masikio yangu ndiyo yameniacha kabisa. Fabien akinipa simu nisikie sauti yako nasikia nyuki tu, kwa hiyo usinicheke kwamba nakuandikia kama watu wa zamani. Alexis, yule anayefuata vitenge Kampala, amekubali kuwa posta yetu, nami namlipa mkate.

Mkate mwingine ulio ndani ya mfuko ni wako. Utaona una ncha moja tu. Nyingine imeliwa, na si Alexis aliyeila, wala si mimi. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Kila Jumamosi mchana napika mkate wetu ule wa nanasi kavu na karanga, nauweka kwenye dirisha la jikoni upoe, nafunga lango kwa kufuli, naenda parokiani kupanga maua ya Misa. Narudi jua bado lipo. Tangu Pasaka, nikirudi nakuta ncha moja haipo. Haikukatwa kwa kisu. Imemegwa kwa vidole, kama mtu anavyomega mkate ukiwa bado wa moto. Na vipande vya nanasi vilivyokuwa ndani ya ncha hiyo vimetolewa vyote na kupangwa kwenye dirisha, kimoja nyuma ya kingine, mstari ulionyooka. Mwanzoni nilimshuku panya. Kisha nikajiuliza ni panya gani anayepanga vitu.

Sitakuficha ninavyowaza. Unajua tulivyotoka kule kwetu nyuma ya Bambu mwaka 2018, mimi nikikimbilia njia ya Bunia, mama yako Régine akishika njia ya ziwa na Gracia mdogo wako mkononi. Mitumbwi mingi ilizama siku zile. Tangu hapo hakuna aliyetuletea neno lao, na sisi hatukuwahi kuketi kuwalilia. Nafikiri ni mama yako anayekuja. Mtu asiyeliliwa ana njaa, Christella, hivyo ndivyo ninavyoona mimi.

Njoo Noeli, mwanangu, tufanye matanga yao wote wawili, tumalize. Siogopi sana. Lakini sipendi kurudi nyumbani kwangu na kukuta mtu ameshapita.

Nakukumbatia,
Mama Mukubwa wako Valérie


Kampala
1 Oktoba 2023

Mama Mukubwa mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka karanga, nikaisoma nimesimama mlangoni mwa atelier huku mteja akinisubiri nimpime kiuno. Mimi mzima. Kazi ya kushona ipo, magoti yananiuma kwa sababu ya pedali, na chumba changu bado ni kile cha ghorofa ya tatu kwa yule mama wa Eritrea. Msalimie Fabien, umwambie upepo hauvunji vifungo vya shati.

Mkate wako umezua mambo hapa. Mwenye nyumba wangu ni mtu wa kufunga: wao wana majira marefu ambayo hawagusi nyama, maziwa, siagi wala yai. Nilimpa kipande akakishika mbali na mdomo, akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia hakuna kitu cha ng'ombe wala cha kuku. Ikabidi nimweleze ajabu yenyewe, kwamba sisi ni watu wa ng'ombe, nyumba yetu ilinuka maziwa tangu mlangoni hadi kitandani, ila akazaliwa Gracia, na Gracia akilamba tu kijiko chenye maziwa au yai anavimba midomo na koo linaanza kupiga filimbi. Basi wewe na Mama mkatunga mkate wake, na sote tukaupenda kuliko keki. Yule mama alikula, akala tena. Sasa anataka kujua unavyopikwa. Ana furu yake ya kuokea, ya gesi, anasema niitumie nitakavyo. Niandikie vipimo, tafadhali. Sikuwahi kujifunza, siku zote nilikuwa shule ya bweni, internati Kisangani, mkipika.

Kuhusu ncha, Mama Mukubwa, nakuomba usinikasirikie. Bata wa Solange wanaruka ukuta. Watoto wa Mudzipela nao wanaruka ukuta, tena vizuri kuliko bata. Weka wavu dirishani.

Na matanga siyataki. Bado namtafuta Mama. Kila mtu wa kutoka kambi za wakimbizi za huku Uganda akiingia atelier namuuliza kama amewahi kumsikia mtu anayeitwa Régine. Siwezi kumlilia mtu ninayemuulizia.

Halafu kuna jambo moja. Mama alipenda nanasi kavu kuliko sisi sote. Alikuwa analila lile la mkate kabla halijaingia kwenye unga. Sijui wewe unaniambia habari za nani.

Nakupenda,
Christella


Bunia, Mudzipela
4 Novemba 2023

Christella mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Fabien amesoma yale ya vifungo, akavaa fulana. Solange amejifungua msichana, wamemwita Bénédicte, na mume wake Josias kwa furaha ametugawia maziwa majirani wote. Kabichi zangu zimeliwa na wadudu. Padri mpya anahubiri kwa haraka, tunamshukuru.

Vipimo unavyotaka ni hivi, mwambie mwenye nyumba wako avishike vizuri. Ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, nne kubwa, ziponde kwa uma zisibaki mabonge. Nanasi lile ninalolikausha juu ya mabati, kata vidogo, loweka kwenye chai ya rangi iliyo moto wakati unaandaa mengine. Karanga zikaange mpaka zinukie, zitwange mara chache tu, zibaki na meno. Unga wa ngano vikombe viwili vya chai vilivyojaa, sukari nusu kikombe, chumvi kidogo, kijiko kidogo cha magadi ya kupikia. Mafuta ya karanga nusu kikombe. Mwisho kabisa kamulia ndimu. Ndimu ikikutana na magadi utaona rojo linapumua, na hapo usisimame kupiga soga: koroga kidogo tu, tia kwenye bati, peleka motoni. Huu si mkate wa hamira, haukungoji. Mimi sina furu. Natia mchanga kwenye sufuria kubwa, bati linakaa juu ya mchanga, makala zinazowaka chini na makala juu ya kifuniko. Zile makala za juu ndizo zinazounguza ncha zikawa ngumu na tamu.

Wavu nimeweka. Fabien ameupigilia misumari. Jumamosi iliyofuata ncha haikuwepo, wavu ulikuwepo.

Nitakuambia pia hili, halafu tuache. Maziwa yale ya Josias sikutaka yaharibike, basi wiki mbili zilizopita niliweka maziwa badala ya chai, nikatia na mayai mawili ya Solange. Mkate ulipanda vizuri sana, wa manjano. Nilipotoka parokiani niliukuta mzima. Ncha zote mbili zipo. Lakini ulikuwa umeinuliwa kutoka kwenye sahani na kurudishwa kinyume, tumbo juu, kama mtu anavyougeuza kuunusa. Nikampa Fabien wote. Mimi sikuweza kuumeza.

Tangu siku hiyo situmii maziwa. Na usiniulize tena kuhusu nanasi.

Mungu akulinde,
Valérie


Kampala
17 Desemba 2023

Mama Mukubwa,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Nilisafiri. Hongera kwa Solange na mtoto. Hapa joto, na kazi za Noeli zimetuelemea, kila mtu anataka nguo yake iwe tayari tangu jana. Mkate bado sijaupika. Mwenye nyumba ananikumbusha kila siku ninapopanda ngazi, namwambia kesho.

Leo sina maneno mengi. Nataka uniandikie kitu kimoja, uandike ulichokiona kwa macho yako tu, usiongeze ulichodhani. Siku ile tuliyopoteza nyumba, nani alimshika Gracia mkono?

Siwezi kukueleza kwa nini nauliza. Alexis amesema anaondoka Jumatatu, nimempa na kitambaa cha bluu kwa ajili yako.

Christella


Bunia, Mudzipela
13 Januari 2024

Kwa Christella,

Heri ya mwaka. Kitambaa ni kizuri, nimekivaa Misa ya mwaka mpya na wanawake wa Legio wakaniuliza nani ananitunza. Noeli ilikuwa tulivu. Fabien alichinja kuku, Solange alikuja na Bénédicte, ambaye ana mashavu ya padri. Watu wa Marabo wameleta mahindi mengi, bei imekuwa nzuri. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio.

Swali lako nililisoma nikalikunja, nikaliweka chini ya sanamu ya Bikira, nikalitoa tena. Unaniuliza kama mtu wa mahakama. Sawa, naandika nilichoona.

Ilikuwa Jumamosi. Mkate ulikuwa motoni nyumbani kwangu, na Gracia alikuwa ameketi juu ya kile kigoda kidogo jikoni akingoja ncha. Mama yako alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya ua. Tukasikia milio kutoka juu, upande wa makaburi, kisha tukaona moshi. Nilitoka kumfungulia mlango marehemu Baba Mukubwa wako Augustin, aliyekuwa hawezi kutembea peke yake. Nikamwona Régine anavuka shamba la mahindi akikimbia, kitenge chake cha kijani, mgongo wake tu. Nilirudi jikoni kumchukua mtoto. Kigoda kilikuwa kitupu. Kifuniko cha sufuria kilikuwa chini na makala zimemwagika. Nikasema, Régine amepita na binti yake. Nilisema kwa sauti, Augustin alinisikia. Tukaenda.

Mgongo niliouona ulikuwa umeinama kama wa mtu aliyebeba kitu kifuani. Nimeuona mgongo ule kila siku kwa miaka sita.

Nimejibu. Sasa wewe ndiwe unayenificha kitu. Ulisafiri kwenda wapi?

Hapa hajaacha kuja. Wiki iliyopita niliona makombo chini ya dirisha, kwa nje. Mtu mzima akila amesimama, makombo yanaanguka mbali kidogo na ukuta. Haya yako pale pale ukutani, na ukuta wenyewe una alama za vidole vilivyopanguswa kwenye urefu wa kiuno changu. Nimeupaka chokaa sehemu ile nisiione.

Valérie


Kampala
11 Februari 2024

Mama Mukubwa wangu,

Keti kwanza. Kama Fabien yupo mwambie akae karibu nawe.

Mama ni mzima.

Sasa nakuandikia yote, na unisamehe kwamba Desemba sikuweza. Mwezi wa kumi na moja aliingia atelier mwanamke mmoja kutoka kambi moja iliyo karibu na ziwa, upande huu wa Uganda. Nilimuuliza kuhusu Régine kama ninavyouliza wote, akasema hamjui. Wakati nampima alitoa kwenye mkoba mkate uliofungwa kwa jani akaanza kula. Ulikuwa na nanasi na karanga. Sindano ilinianguka. Akaniambia kuna mama mmoja kambini anaupika kwenye sufuria yenye mchanga, anauza, lakini ncha moja hakuuzii hata ukimlilia. Nikamuuliza anaitwa nani. Akasema, "Ule? Ni Mama Gracia. Jina ingine haikubalake." Ndiyo maana miaka yote hii nilikuwa naulizia jina ambalo hakuna mtu analijua.

Nilimkuta anachekecha unga. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe mbele. Alinitazama muda mrefu, kisha akatazama nyuma yangu, njiani, kama mtu anayengoja wengine wafike. Neno lake la kwanza, Mama Mukubwa, halikuwa jina langu.

"Gracia iko wapi? Umemuacha kwa Yaya?"

Bado anakuita Yaya, dada yake mkubwa, kama zamani. Akaendelea mwenyewe. "Niliona moshi, nikakimbia kwenu kumubeba. Nikakuta jiko wazi, kigoda tupu. Nikasema, Yaya ndio amemubeba. Nikashika njia ya mahindi na kifurushi ya nguo yake, sababu usiku iko baridi." Aliposema hivyo alikumbatia hewa kifuani, na nikaona mgongo wake ukiinama.

Hicho ndicho ulichokiona shambani. Zilikuwa nguo zake.

Mama aliambiwa na watu waliovuka baadaye kwamba njia ya Bunia iliwamaliza wote. Aliwalilia wewe na Baba Mukubwa na Gracia kwa pamoja. Halafu akaanza kupika. Ananiambia kila Jumatano, akiweka mkate mlangoni upoe na kwenda kuchota maji, anakuta ncha imemegwa na nanasi limepangwa juu ya jiwe. Amekuwa na furaha nayo miaka yote. Anafikiri ni wewe. Alisema, "Yaya anakulaka kwa haya, anaanza na kuchagua." Nilipomwambia uko mzima Mudzipela, unalalamika magoti, alilia kwa kicheko, akanishika shingo. Kisha kicheko kikakatika. Akaniachia.

"Sasa kama Yaya iko muzima, nani anakulaka mukate yangu?"

Nilirudi Kampala bila kumjibu, na nikakuandikia lile swali badala ya habari. Niliogopa, Mama Mukubwa. Nilitaka mmoja wenu aniambie alimshika.

Karatasi zake za kurudi zinashughulikiwa. Atakuja kwako mwezi ujao pamoja na Alexis. Mpokee taratibu. Mkate sijaupika.

Binti yako,
Christella


Bunia, Mudzipela
23 Machi 2024

Christella wangu,

Amefika. Yuko hapa, amelala kitandani kwangu upande wa ukutani kama tulipokuwa wasichana, na anavuta shuka lote kama tulipokuwa wasichana.

Alexis alimteremsha langoni mchana. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, hata nyimbo. Hatukukumbatiana kwanza. Alitazama mikono yangu nami nikatazama yake. Akasema kitu, nikaona midomo ikitembea, sikusikia. Akarudia karibu na sikio langu.

"Nilizania iko na weye."

Nikamwambia, "Miye pia." Basi. Hatujasema zaidi ya hapo juu ya jambo hilo, wala hatuna haja. Solange alitukuta tumeketi chini langoni, bata wanatupita.

Jumamosi yake ya kwanza tulipika pamoja. Yeye aliponda ndizi, mimi nikakaanga karanga, mikono yetu bado inajua nani anafanya nini. Alikausha machozi kwa kiwiko wakati wa ndimu. Tuliuweka mkate dirishani, nikang'oa ule wavu wa Fabien, nikaweka na kigoda nje, chini ya dirisha. Tukafunga lango, tukaenda parokiani sote wawili, tukapanga maua vibaya kwa haraka. Tulirudi tunakimbia, wanawake wazee, watu wanatutazama.

Mkate ulikuwa mzima.

Jumamosi ya pili, mzima. Jana tumepika siku isiyo yake, tukafikiri labda, na ulikuwa mzima. Leo, mzima. Kigoda hakijasogea. Nimeikwangua ile chokaa ukutani kwa kisu mpaka nikatoa na udongo.

Sikukudanganya niliposema sipendi kukuta mtu ameshapita. Sasa ningetoa macho yangu ili apite. Régine anasema alikuwa anatembea kati yetu, Jumatano ziwani, Jumamosi hapa, akitafuta ni nani aliye naye, na sasa ametukuta tuko pamoja na ameona hakuna. Anasema ameondoka akiwa amejua. Hilo ndilo linalomuua mama yako. Hali chochote. Anaketi juu ya kile kigoda na magoti yanafika kidevuni.

Leo asubuhi ameniambia mwenyewe tufanye matanga. Padri amekubali tarehe ishirini na saba ya mwezi wa nne. Tutaweka msalaba mdogo wenye jina lake nyuma ya nyumba, na siku ile tutapika mkate mara ya mwisho, tutaugawa wote, hata ncha. Baada ya hapo nadhani atakula. Amenikubalia atakula. Nikimwona anakunja zile nguo ndogo alizobeba naona mtu anayetaka kupumzika.

Njoo, mwanangu. Wewe ndiye tuliyebaki naye wa kumshika.

Mama Mukubwa wako


Kampala
14 Aprili 2024

Mama Mukubwa,

Barua hii usimsomee Mama. Ukiimaliza itie kwenye makala.

Sisi wazima. Mwenye nyumba wangu yuko katikati ya mfungo wake mkubwa na ananuka bizari toka asubuhi. Nguo ya Mama ya matanga nimeimaliza, nyeupe, Alexis anaileta pamoja na yako. Nimeziacha pana kidogo kiunoni kwake, ili awe na pa kunenepea.

Siji. Usinune kabla hujafika mwisho.

Jumapili iliyopita nilishindwa kumkwepa tena yule mama, nikapika mkate. Nilifuata vipimo vyako neno kwa neno. Nanasi nililinunua sokoni, si zuri kama la mabatini kwako. Ndimu ilipokutana na magadi nilisikia rojo linapumua. Furu haina makala za juu, lakini ncha ziliungua kidogo hata hivyo. Niliuweka kwenye dirisha la chumba changu upoe, nikashuka kumpelekea mwenye nyumba ufunguo wa jiko. Tuliongea kidogo tu, kuhusu gesi.

Mama Mukubwa, dirisha langu liko ghorofa ya tatu. Lina nondo. Chini yake hakuna hata mti.

Vipande vya nanasi vilikuwa vimepangwa mstari mmoja ulionyooka, na ukingo wa dirisha ulikuwa na makombo. Nilikaa kitandani nikavitazama mpaka vikakauka. Kisha nikasikia ninasema kwa sauti, "Umepanda mpaka huku?" kama nilivyokuwa namwambia nilipotoka internati, akinikimbilia na kunipanda mgongoni kabla sijaweka sanduku chini.

Amewajua ninyi wawili kwamba mikono ilikuwa mitupu. Mimi sikuwepo, kwa hiyo mimi bado hajaniuliza.

Fanyeni matanga. Wekeni msalaba, imbeni, gaweni mkate wote hata ncha, na Mama ale, anenepe, alale. Usimwambie kamwe. Akijua, atapanda gari siku hiyo hiyo aje aketi chini ya dirisha langu, na hatakula tena. Mwache amlilie mtoto wake amalize. Mtu mmoja anatosha kumpikia, na mimi nimekuwa mbali vya kutosha.

Jumapili hii nitapika tena. Sitatia nanasi. Hakulipenda kamwe, na hakuna kati yetu aliyewahi kumtolea.

Christella